Wiki kumi na nne za kutafuta kazi: daftari la mtunza bohari

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo nimeanza. Mradi wa afya nilioufanyia kazi kwa miaka mitano umefungwa wiki iliyopita baada ya mfadhili kusimamisha fedha, kama ilivyotokea kwa miradi mingi ya afya nchini. Nilikuwa nasimamia bohari: vitendanishi vya kupimia virusi vya UKIMWI, glovu, dawa zinazotakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, hesabu ya kila mwezi, magari ya mikoani. Ijumaa tulikabidhi funguo. Tukasimama uani, kila mtu na boksi lake mkononi, na dereva wetu mzee akasema, "Haya wanangu, kila mmoja na njia yake." Hakuna aliyemjibu.

Nimeamua kutafuta kazi kwa namna niliyozoea kuendesha bohari, yaani kwa maandishi. Nimenunua kaunta buku hapa Tabata, Dar es Salaam, na kuchora safu tano: tarehe, kazi au kampuni, nimeipata wapi, nimeongea na nani, nini kimefuata. Safu ya tatu ndiyo ninayoijali kuliko zote. Nataka kuona mlango upi unafunguka na upi naugonga bure.

Bajeti ni shilingi 70,000 kwa mwezi, nauli na bando humo humo. Muda ni saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Baada ya hapo nakaa dukani kwa dada yangu, maana kodi ya nyumba haisubiri mtu.

Kabla ya kuandika barua yoyote nimepita NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kuulizia fao la kukosa ajira. Wengi wetu kule kazini hatukujua kwamba lipo. Mwenye taaluma aliyechangia miezi isiyopungua 18, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Ni theluthi tu, lakini theluthi hiyo ndiyo itakayonizuia nisikubali kazi mbaya kwa sababu ya njaa ya mwezi wa pili.

Jumatano, 5 Februari

Grupu letu la WhatsApp la waliokuwa wafanyakazi sasa lina watu 146. Leo tangazo moja la kazi ya ugavi katika shirika moja limewekwa humo mara tisa, na watu tisa tofauti. Nimelitazama hilo kwa muda mrefu. Sote tuna ujuzi uleule, tumepoteza kazi siku ileile, tunatazama kurasa zilezile. Tangazo likiingia humo, watu 146 wenye wasifu unaofanana wanaliombea saa ileile. Hawa ni watu ninaowapenda, na wengine ni ndugu kabisa kwa sasa. Kwa kutafuta kazi, hata hivyo, tumekaa chumba kimoja chenye dirisha moja.

Nimeliomba hata hivyo.

Jumanne, 11 Februari

Siku nzima ya Ajira Portal. Nafasi za serikali kuu, taasisi na mashirika ya umma hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi yanapokelewa humo tu, kwa hiyo hata ukiwa na shangazi wizarani, akaunti lazima uwe nayo. Nilidhani ningemaliza kwa saa moja. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ikaleta jina langu la tatu kwa herufi "y", cheti cha kidato cha nne kina "i". Huo ni uzembe wangu wa miaka kumi na tano. Kesho naenda kwa wakili kuapa hati ya kiapo kuhusu majina.

Kwa anayefungua akaunti sasa, bila kusubiri tangazo: pakia vyeti kamili. Matangazo yao hueleza wazi kwamba karatasi ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita haipokelewi. Barua ya maombi iwe na sahihi yako. Wadhamini watatu uwape taarifa kabla ya kuwaandika, wasije wakapigiwa simu wakajibu "nani huyo?" Aliyesoma nje ahakikishe vyeti vyake mapema kwa tume ya vyuo vikuu (TCU), au kwa baraza la mitihani (NECTA) kama ni vya sekondari, kwa sababu tangazo likishatoka muda hautoshi. Halafu anza kujisomea: mchujo wa kuandika huja kwanza, mahojiano ya ana kwa ana baadaye, na huo wa kuandika ndio unaoangusha wengi.

Jumanne, 18 Februari

Wasifu. Wa zamani ulikuwa na kurasa nne na maneno "mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo". Mwanamume mmoja tuliyesoma naye, sasa yuko idara ya rasilimali watu katika kiwanda, ameusoma akaniuliza: "Sasa bohari yako ilikuwa na ukubwa gani?" Sikuwa nimeandika. Magari mangapi kwa mwezi? Sikuwa nimeandika. Bidhaa zilizoisha muda zilikuwa asilimia ngapi ulipoanza, na ngapi ulipoondoka? Hilo ndilo jambo ninalojivunia kuliko yote katika miaka mitano, na halikuwa na mstari hata mmoja.

Sasa kurasa ni mbili. Mstari wa juu unasema: msimamizi wa bohari ya dawa na vifaa tiba, miaka mitano, bidhaa 212, vituo 64 katika mikoa mitatu. Chini yake kuna hadithi ya bidhaa zilizoisha muda: tulianza na asilimia 6 ya thamani ya bohari kila mwaka, tukashuka hadi chini ya 1, kwa kupanga rafu upya ili kinachokwisha muda mapema kitoke mapema, na kwa kuvihamisha vitu kutoka kituo chenye akiba kubwa kwenda kituo chenye upungufu miezi mitatu kabla ya tarehe yake.

Nimeondoa pia jedwali na safu mbili mbili. Kampuni kubwa hupokea maombi kwa mifumo inayosoma maandishi, na mfumo wa namna hiyo unaweza kuchanganya safu mbili ukasoma jina la chuo kama cheo cha kazi. Maandishi ya kawaida, safu moja, faili lenye jina langu na cheo ninachoomba. Nimezoea kupokea wasifu wa watu wenye jina "CV mpya final 3", na najua ulivyokuwa ukinipotea kwenye kompyuta.

Jumatatu, 24 Februari

Leo nimesoma kitu kilichonikumbusha lile grupu la watu 146. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala kuhusu uhusiano ulio dhaifu kati ya watu. Alikuwa amewahoji wanaume wa mji wa Newton, karibu na Boston, waliobadilisha kazi. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, asilimia 16.7 tu ndio waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na 27.8 kwa nadra, pengine mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Sababu yake naielewa kwa mifupa yangu: wa karibu yako wanajua unachokijua tayari, wa mbali anaishi kwenye habari nyingine.

Watafiti waliochapisha katika jarida la Science mwaka 2022 walipitia majaribio ya LinkedIn ya miaka mitano, yaliyogusa watu zaidi ya milioni 20. Wakakuta Granovetter alikuwa sahihi, kwa nyongeza moja: aliye mbali kupita kiasi hasaidii sana. Anayefaa zaidi ni yule wa katikati, ambaye mna watu kadhaa mnaofahamiana nao wote wawili.

Kwetu watu husema "bila koneksheni hupati kazi", wakimaanisha mjomba mkubwa ofisini. Sina mjomba huyo. Lakini nimefungua simu na kupitia majina yote 900 na ushee, nikaandika wale wa katikati: karani wa kampuni ya malori, fundi wa mafriji ya dawa, mfamasia wa hospitali moja ya Morogoro, mama aliyekuwa akituuzia maboksi, mkaguzi wa hesabu aliyetukagua mara mbili, wanafunzi wenzangu niliowaona mara ya mwisho kwenye harusi. Nimefika 41. Nilijiona sina watu.

Alhamisi, 27 Februari

Nimetuma ujumbe kwa 12 wa kwanza. Niliwaandikia wote maneno yaleyale: "Shikamoo, habari za siku. Mradi wetu umefungwa, natafuta kazi yoyote, ukisikia chochote naomba unikumbuke." Tisa wamejibu, na wote kwa upendo. Pole sana. Mungu atafungua mlango. Nikisikia nitakustua.

Nimekaa na majibu hayo jioni yote. Ni ya kweli, na hakuna hata moja litakalozaa kitu, na kosa ni langu. "Kazi yoyote" haimwachii mtu kitu cha kukumbuka. Ungeniambia mimi "nitafutie chochote bohari", ningeingia nikasimama katikati ya rafu nisijue nichukue nini. Mtu akisikia kesho kwamba kampuni fulani inahangaika na stoo ya dawa, jina langu halitamjia, kwa sababu kichwani mwake nimewekwa kwenye fungu la "wanaotafuta kazi yoyote", na fungu hilo mwaka huu limejaa.

Nimeandika upya. Naunakili hapa kama nilivyoutuma kwa karani wa malori:

"Shikamoo kaka. Ni mimi wa bohari ya mradi, mlikuwa mkitubebea mizigo ya Morogoro na Dodoma mwaka 2022. Mradi umefungwa Januari. Sasa natafuta kazi ya kusimamia bohari ya dawa au vifaa tiba hapa Dar, hasa kwa wasambazaji binafsi. Siombi unitafutie kazi. Naomba dakika kumi unieleze kampuni unazozibebea mizigo siku hizi, stoo zao zinaendaje. Nikupigie saa ngapi usiwe na gari la kupakia?"

Amejibu baada ya dakika nne: "Nipigie saa 5 kesho. Kuna mambo mengi."

Jumanne, 4 Machi

LinkedIn. Nilikuwa na akaunti tangu 2017, picha ya mahafali, hakuna kingine. Nimebadilisha mstari wa chini ya jina uwe uleule wa juu ya wasifu. Kilichonisaidia zaidi ni ukurasa wa chuo changu: ukifungua sehemu ya waliohitimu, unaweza kuwachuja kwa mji na kwa kampuni wanayofanyia kazi sasa. Nimekuta watu 17 wa chuo changu katika biashara ya dawa Dar es Salaam, na wawili tulikaa bweni moja. Kila mwaliko nimeuandikia sentensi mbili za kwake peke yake. Akaunti ya bure ina kikomo cha mialiko yenye maneno, kwa hiyo nimechagua wachache.

Kwa Google naandika neno la kazi ndani ya alama za kunukuu pamoja na site:go.tz au filetype:pdf. Matangazo ya halmashauri na taasisi hukaa kwenye faili za PDF ambazo hazifiki kwenye magrupu hadi siku mbili kabla ya mwisho. Kwa mashirika ya misaada naangalia ReliefWeb kila Jumatatu na Alhamisi, basi. Nilikuwa nikifungua kurasa za matangazo mara ishirini kwa siku. Ilinichosha kuliko kubeba maboksi, na haikuniongezea hata tangazo moja.

Alhamisi, 6 Machi

Futari kwa shangazi, Ilala. Sikutaka kwenda. Ukiwa huna kazi, mkusanyiko wa ukoo unakuwa mzito: kila mtu anakuuliza kwa huruma, na huruma ya watu kumi na watano mezani inazuia tambi kuteremka kooni. Mama amenisukuma. Yeye ni wa Pangani na ana msemo wake mmoja kwa kila shida ya riziki: mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Shangazi akaanza kunitambulisha kwa wageni: "Huyu mtoto wetu hana kazi, jamani, mumsaidie." Nikasubiri amalize, kisha nikamwambia mama aliyekaa karibu yangu, "Shikamoo mama. Mimi nasimamia bohari za dawa. Nimemaliza mradi Januari, sasa natazama kwa wasambazaji binafsi." Kumbe ni mfamasia, amestaafu hospitali ya serikali, sasa anasimamia duka la jumla la dawa Kariakoo. Tumeongea hadi Isha. Ameniambia jambo ambalo halimo kwenye tangazo lolote: mwenye duka la jumla lazima awe na mfamasia, Baraza la Famasi linataka hivyo, kwa hiyo mfamasia anaajiriwa kwanza. Stoo yenyewe huachiwa kijana yeyote mwaminifu wa ukoo. Hasara inaanzia hapo, dawa zinaisha muda nyuma ya rafu, na mwenye mali anadhani anaibiwa.

Nimeandika sentensi hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Hayo ndiyo maumivu ninayojua kuyatibu.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nina hasira. Mwenzangu wa zamani, mama wa watoto watatu, amelipa shilingi 85,000 kwa "ofisa ajira" aliyemtumia barua yenye nembo ya shirika la kimataifa. Fedha ilikuwa ya "vipimo vya afya na fomu". Baada ya kulipa akaombwa nyingine ya "sare". Ilikuwa ada ya mtoto.

Mimi nilitumiwa barua ileile, na hivi ndivyo nilivyoikagua. Anuani ya barua pepe ilikuwa ya bure, haina jina la shirika baada ya alama ya @. Nilipofungua tovuti halisi ya shirika, kazi hiyo haikuwepo. Namba ya kulipia ilikuwa ya mtu binafsi. Na kubwa kuliko yote: Umoja wa Mataifa hutangaza wazi kwamba hautozi chochote katika hatua yoyote ya kuajiri. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, nao unasema mawakala wa ajira wasimtoze mtafuta kazi, moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Kampuni ya hapa nyumbani usiyoifahamu, tafuta jina lake kwenye mfumo wa mtandaoni wa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kabla ya kumpa mtu nakala ya kitambulisho chako.

Nimeyaweka haya kwenye grupu la 146. Watu wanne wamenijia pembeni wakasema nao walilipa. Waliona aibu kusema.

Alhamisi, 20 Machi

Yule karani wa malori aliponiambia kuna mambo mengi, moja lilikuwa hili: wateja wake wengi wanauza kwa hospitali za serikali, na wanateseka na NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni. Tangu Oktoba 2023 zabuni za umma lazima zipite kwenye mfumo huo. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyezoea kupeleka bahasha sasa anatakiwa kujisajili, kupakia nyaraka na kujaza bei mtandaoni.

Kwa hiyo nimetumia wiki mbili nikijifunza upande wa mzabuni, na nimegundua faida ya pili. Zabuni zinazotangazwa na mikataba inayotolewa inaonekana humo. Kampuni iliyopata mkataba wa kusambaza vifaa tiba mwezi huu itahitaji mikono ya kupokea na kupeleka mzigo mwezi ujao, na pengine haijaandika tangazo lolote. Nimetengeneza orodha ya kampuni 14 za namna hiyo Dar es Salaam. Kila anayetafuta kazi katika ujenzi, usafi, chakula au ulinzi anaweza kufanya vivyo hivyo kwa fani yake.

Mfamasia wa Kariakoo amenipeleka kwa jirani yake. Nimemsaidia kupanga nyaraka zake za NeST kwa siku mbili, akanilipa 60,000. Mlango wenyewe ni mdogo, lakini sasa kuna mtu mmoja Kariakoo aliyeniona nikifanya kazi kwa macho yake.

Alhamisi, 3 Aprili

Usaili wa kwanza, siku chache tu baada ya Idi. Nimeitwa kupitia tangazo, watu 22 kwa nafasi moja. Sikufanya vizuri na nataka kuandika kwa nini.

Waliniuliza nilifanya nini nilipokuta upungufu kwenye hesabu. Nikajibu, "Tulikaa kama timu, tukapitia kumbukumbu, tukaandika ripoti." Mama mmoja wa jopo akaweka kalamu chini: "Dada, nimekuuliza wewe. Wewe mwenyewe ulifanya nini?" Nikarudia tena "tuli-". Tumelelewa hivyo, kusema "mimi" mbele ya wakubwa ni majivuno. Mezani pale "tuli-" ilimfanya mama yule asijue kama nilikuwepo. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyefungua maboksi 40 usiku nikakuta kitabu kimerukwa ukurasa.

Nimemwomba mdogo wangu awe ananihoji kila jioni. Akisikia "tuli-" anapiga meza.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimetembea Barabara ya Nyerere kutoka Vingunguti hadi Kipawa na bahasha 11. Askari wa getini saba wamesema hakuna kazi kabla sijafungua mdomo. Watatu wamechukua bahasha. Mmoja, baada ya kumsalimia vizuri na kumuuliza jina la mkuu wa bohari, ameniambia jina na saa anayotoka kula. Kwa jua lile na viatu vile, sirudii bila kuwa na jina mkononi.

Alhamisi, 24 Aprili

Karani wa malori amepiga simu saa 3 asubuhi. "Mdogo wangu, uliniambia habari za dawa kuisha muda, si ndiyo? Jana nimerudisha mzigo kwa mteja wangu mmoja, msambazaji wa vifaa tiba. Hospitali imekataa, tarehe imebaki mwezi mmoja. Mwenye mali amegomba na watu wake mbele yangu. Nimemwambia namjua dada mmoja."

Kazi hiyo haikutangazwa popote. Hapakuwa hata na nafasi kwa jina. Mimi na kaka huyu tumeonana ana kwa ana pengine mara nne maishani, zote kwenye jukwaa la kupakulia mzigo.

Sikutuma wasifu kwanza. Nimeandika ukurasa mmoja: mambo matatu ambayo ningeyafanya stoo hiyo kwa siku 30 za mwanzo, kuanzia kuhesabu kila boksi na tarehe yake, kisha kupanga rafu kwa tarehe, kisha orodha ya kila Jumatatu ya vitu vyenye miezi sita iliyobaki, ili muuzaji avitafutie mteja mapema au avirudishe kwa mtengenezaji kama mkataba unaruhusu. Wasifu nimeuambatanisha chini. Mwenye mali amepiga simu jioni ileile: "Unaweza kuja Jumatatu uone?"

Ijumaa, 2 Mei

Nimeenda Jumatatu ile, nikahesabu rafu mbili pamoja na vijana wa stoo, na nilihakikisha nawasalimia na kuwauliza wao kabla ya kugusa kitu, kwa sababu hii ilikuwa nyumba yao. Mmoja alijua boksi gani limekaa wapi bila kuangalia karatasi. Nimemwambia mwenye mali hivyo, mbele ya kijana mwenyewe.

Leo tumezungumza mshahara. Jana Mei Mosi, kule Singida, Rais ametangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, na mwenye mali akaanza kwa kusema sekta binafsi haiwezi hayo. Sikubishana. Nimeuliza maswali matatu: kiasi anachotaja ni kabla ya makato au baada? NSSF anachangia sehemu yake kamili? Mkataba ni wa muda gani? Wengi hukubali namba, halafu mwezi wa kwanza wanashangaa makato. Tumekubaliana kiasi kilicho chini kidogo ya nilichopata kwenye mradi, kabla ya makato, mkataba wa mwaka mmoja wenye maandishi, na mazungumzo mapya baada ya miezi sita kama hasara ya bidhaa zilizoisha muda itakuwa imeshuka kwa kiasi tulichokiandika wote wawili. Sharti hilo la mwisho nililipendekeza mimi.

Jumatatu, 12 Mei

Siku ya kwanza kazini. Nimeandika haya kwenye mwendokasi, nikirudi.

Hesabu ya daftari kwa wiki 14: maombi niliyotuma kwa matangazo ya mtandaoni ni 58, yaliyoitikiwa usaili ni 2. Watu wa ile orodha ya katikati niliozungumza nao ni 33 kati ya 41, na kutoka kwao nilipata vibarua viwili, mazungumzo matano na waajiri, na kazi hii. Mtandao haukunipa kazi moja kwa moja, lakini bila NeST nisingejua nani ana mzigo, na bila LinkedIn nisingewapata wale wa bweni, ambao mmoja ndiye mdhamini wangu wa tatu. Ajira Portal nimeitwa kwenye mchujo wa kuandika mwezi ujao. Nimemwambia mwenye mali mapema, asije akasikia kwa watu.

Watu wa grupu waliopata kazi hadi leo ni 19 kati ya 146, kwa waliosema. Jumamosi tunakutana watu wanane Mwenge, kila mmoja na wasifu wake. Nitakwenda na nakala za ule ujumbe wa karani.

Nimewaandikia wote 33 kuwashukuru na kuwaambia nimefika wapi, mmoja mmoja, hata wale ambao hawakuwa na la kunisaidia. Karani wa malori ameshukuru, kisha akaandika: "Mdogo wangu, nami nina mtoto wa dada yangu, kamaliza diploma Novemba, yuko nyumbani tu. Ukisikia nafasi."

Nimemuuliza anataka kazi gani.

"Kazi yoyote," akajibu.

Nimemwomba amwambie anipigie mwenyewe, saa 1 jioni.